Nasaba ya Risasi

1

Mtu wa kwanza kukutana na Sechelela aliposhuka kwenye treni Makwelo alimtemea mate kiatuni. Alikuwa mama wa makamo mwenye sinia la karanga kichwani. Alipokwisha kutema aliendelea kuwauzia abiria wengine karanga zake, sauti ileile, bei ileile, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sechelela alikipangusa kiatu kwa karatasi akaliweka vizuri begani sanduku lake jeusi. Lilikuwa na ukubwa wa redio. Watu waliosimama stesheni hawakumtazama yeye usoni, walilitazama sanduku. Walilijua. Nchi nzima ilikijua Kisomanasaba, kama ilivyomjua fisi kwa sauti.

"Mkaguzi," alisema mzee mmoja mrefu, mkavu, aliyevaa ovaroli la bluu la kiwandani. "Umefuata nini?"

"Shikamoo, mzee. Nimefuata watoto."

"Hatukukuita."

"Nimeitwa na zahanati. Watoto ishirini na watatu kwa miezi minne. Degedege, matumbo, kupotewa na maneno. Hilo ni jambo la kuitwa."

"Mimi ni Ndahani," mzee alisema, bila kuitikia shikamoo. "Wafanyakazi mia tatu wa kiwanda kile wamenichagua niwasemee. Ninawasemea na kwako leo. Zunguka uwezavyo. Lakini ukikifunga kiwanda chetu, hutapanda treni hii kurudi."

Alisema bila hasira, kama mtu anayetoa maelekezo ya njia. Nyuma yake, mabehewa ya mizigo yalikuwa yakipakuliwa. Betri zilizokufa zilishuka kwa mkanda wa mashine: za umeme wa jua, za bajaji, za malori, za minara ya simu, nyeusi na kijivu, mamia kwa mamia, kutoka nusu ya nchi. Mkanda ulizipeleka hadi jengo jeupe lisilo na bomba la moshi. Sechelela alilijua jengo hilo kuliko mtu yeyote aliyesimama pale. Miaka minne iliyopita alikaa ndani yake wiki tatu, akipima hewa, maji, vumbi na kucha za wafanyakazi, kisha akatia sahihi cheti cha usalama. Kilikuwa kiwanda cha kwanza nchini kupata cheti hicho, na mpaka siku hiyo alikuwa akijivunia.

Alitembea mji mzima kutafuta chumba. Nyumba tatu za wageni zilikuwa zimejaa, zote tatu, ingawa milango ya vyumba ilikuwa wazi na vitanda vilionekana vitupu. Mama lishe alimwambia wali umekwisha huku akimpakulia mtu aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni. Alipoomba maji ya kunywa dukani, muuza duka aligeuka akaanza kuhesabu viberiti.

Mwishowe alipokelewa na Yoramu Chiteji, meneja wa kiwanda, aliyesoma naye chuo.

"Seche, karibu nyumbani," Chiteji alisema kwenye mlango wa nyumba ya wageni ya kiwanda. "Usiwachukie. Wanaogopa."

"Siwachukii. Nina kiu tu."

Akamletea juisi ya ukwaju, baridi, kikombe kikubwa. Alikunywa chote akaomba kingine.

2

Kabla ya kiwanda, Makwelo ilijulikana kwa korongo lake. Ndahani na wenzake walivunja betri humo kwa shoka kwa miaka ishirini. Tindikali waliimwaga mchangani, risasi, ile metali nzito ya ndani, wakaiyeyusha kwenye matanuri ya udongo, na moshi ukapanda ukingoni hadi kwenye mtama. Mbuzi walikufa wakiwa wanazunguka duara. Watoto walizaliwa wakachelewa kutembea, wengine wakachelewa milele. Kisha ikaja Sheria ya Nasaba.

Sheria hiyo ilitaka kila kiwanda cha kurejeleza risasi kiwe na alama yake. Alama yenyewe haikuonekana kwa macho. Zilikuwa chembe za risasi za aina tatu zenye uzito tofauti, zikichanganywa kwa uwiano ambao kiwanda kingine chochote hakikuwa nao. Zilitiwa mwanzo kabisa, kwenye maji ya kuvunjia betri, ili kisitoke kitu mle, hata vumbi, hata tone, bila jina la mwenyewe. Risasi ikiyeyuka, alama ilibaki. Ikiingia kwenye mfupa wa mtoto, ilibaki. Kisomanasaba kilihitaji tone moja la damu ili kitaje risasi hiyo imetoka kwa nani.

Jibu likishatajwa halikuweza kurudishwa. Lilikuwa limeshafika Mizani, kompyuta kuu ya mamlaka ya ukaguzi, na Mizani ilikuwa imeshakata umeme wa kiwanda husika. Kesi ilisikilizwa baadaye, baada ya siku tisini. Zamani wakaguzi walihongwa, wakatishwa, wengine wakatoweka; ndipo watunga sheria wakaamua kuiweka hukumu mahali pasipofikika kwa mkono wa mtu. Sechelela mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliopigania hivyo. Alisimama mbele ya kamati akasema, "Mashine haina njaa wala shemeji." Walimpigia makofi.

Sasa alitumia siku mbili nzima korongoni. Alikwenda akitegemea kukuta tanuri la siri. Mtu mwenye akili angetegemea hivyo: kiwanda kilikuwa safi, watoto walikuwa wagonjwa, basi yupo anayechoma kwa kificho. Alikuta matanuri tisa yaliyopoa zamani. Ndani yake mlikuwa na mavi ya mbuzi na mijusi. Udongo wenye sumu ulikuwa umefunikwa kwa mfinyanzi na saruji kama alivyoagiza miaka minne nyuma, na saruji haikuwa na ufa.

Vijana walimfuata ukingoni muda wote. Hawakumrushia mawe, waliyasukuma kwa miguu, moja baada ya jingine, yakateremka yenyewe hadi karibu naye.

Siku ya tatu alikwenda zahanati. Muuguzi aliyemwita, Sista Eliwaza, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, na ndiye pekee mjini aliyemsalimu kwanza.

"Wameniambia nikihama nitakuwa nimefanya la maana," alisema. "Mlango wangu wameupaka kinyesi. Njoo umwone huyu."

Kitandani alilala mtoto wa kike wa miaka minne. Ufizi wake ulikuwa na mstari wa buluu, mwembamba kama uzi. Mikono ililegea kwenye vifundo.

"Anaitwa Nyemo. Degedege mara tatu tangu juzi. Kipimo cha kawaida kinasema mikrogramu sitini na nane. Kwa mtoto, tano tu zinatosha kunikosesha usingizi."

"Wazazi wake?"

"Mama yake yuko mbali, anafanya kazi pwani. Analelewa na babu."

Mlango ulifunguka, babu akaingia. Alikuwa Ndahani. Alivua kofia yake kwa ajili ya mtoto, akamwona Sechelela, akaivaa tena.

"Toka," alisema.

"Mzee, nahitaji kuiona nyumba anamokaa."

"Nimesema toka."

"Baba," Sista Eliwaza alisema, "dawa ninayompa inaivuta risasi itoke mwilini. Nikimrudisha nyumbani na risasi iko nyumbani, nitakuwa namwaga maji kwenye pakacha. Aje aangalie. Hata wewe hujui inatoka wapi."

Ndahani alimtazama mjukuu wake. Nyemo alifumbua macho, akafumbua na kinywa, hakikutoka kitu. Mwezi mmoja kabla, Sista alieleza baadaye, mtoto huyo alikuwa msemaji kuliko wote mtaani.

"Nyumba tu," Ndahani alisema. "Hilo sanduku libaki hapa."

3

Nyumba ilikuwa safi. Ndahani alifuata kanuni za kiwanda kama dini: viatu vya kazi viliachwa nje, ovaroli halikuingia ndani, mikono ilioshwa hadi kwenye viwiko. Sechelela alipitisha karatasi zake za kupimia kila mahali. Karatasi hizo zilikuwa za manjano. Zikigusa risasi ziligeuka nyekundu. Alipangusa kizingiti, sakafu, fremu ya dirisha, rangi ya ukuta, mdoli wa matambara, mabati, jiko. Zote zilibaki manjano. Ndahani alisimama na mikono nyuma, akimtazama kama mtu anayemtazama mwizi akitafuta kitu ambacho hakipo.

"Umeridhika?"

"Bado, mzee." Kwenye kona ya jikoni palikuwa na pipa la bluu la lita sitini, lenye mfuniko. "Hili lina nini?"

"Ukwaju. Mtoto anaupenda. Mapipa hayo tumepewa na kiwanda, kila nyumba moja. Zawadi. Yametengenezwa hapahapa, kwa plastiki ya makasha ya betri."

Sechelela alipangusa ukuta wa ndani wa pipa, chini ya mstari wa juisi. Aliitazama karatasi. Kwanza haikubadilika. Kisha ukatoka wekundu kwenye pembe moja, ukaenea hadi ikawa nyekundu yote.

Alichukua karatasi nyingine, akapangusa tena, akiomba awe amekosea. Ikawa nyekundu upesi kuliko ya kwanza.

"Ni nini?" Ndahani aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya babu wa mtu.

"Mzee, mwageni huu ukwaju. Usimpe mtoto kitu chochote kilichokaa kwenye pipa hili. Uchachu unaitoa risasi kwenye plastiki. Maji matupu huitoa kidogo kidogo. Ukwaju na togwa huikomba."

Ndahani alilitazama pipa, akamtazama yeye. Uso wake ukajifunga.

"Uliingia na karatasi zako mfukoni," alisema. "Nitajuaje hukuzipaka kitu? Mlitaka sababu ya kufunga, sasa mmeipata jikoni kwangu. Toka nyumbani kwangu."

4

Ndani ya kiwanda hapakuwa na moto. Betri ziliingia kwenye birika kubwa la saruji zikasagwa chini ya maji, vumbi lisipate nafasi ya kuruka. Risasi ilizama. Plastiki ilielea. Tope la risasi liliyeyushwa kwenye kimiminika cha kijani, umeme ukapitishwa, na risasi ikajijenga upya kwenye sahani, tabaka juu ya tabaka, kimya, kama barafu. Tindikali ilisafishwa ikarudi kwenye betri mpya. Na vipande vya plastiki vilioshwa mara saba kabla ya kwenda kuyeyushwa kuwa ndoo za rangi, mabomba ya mifereji, vitu vya shamba.

Sechelela alisimama kwenye matangi ya kuoshea. Matano kati ya saba yalikuwa makavu, na kwenye moja buibui alikuwa ameshatanda.

"Tangu lini?" aliuliza.

Chiteji hakujaribu kudanganya. "Miezi saba. Kisima kikuu cha mji kilikauka. Ulipita mjini, uliona mabomba yalivyokauka. Maji yaliyobaki yalitosha kuosha plastiki mara saba au kuwanywesha watu elfu tisa. Sio vyote viwili. Nikaosha mara mbili, mengine nikawafungulia watu. Ungefanya nini?"

"Ningesimamisha plastiki. Ningeirundika."

"Niliirundika. Ikajaa uwanja. Mkaguzi wa moto akasema niiondoe. Watu hawakuwa na vyombo vya kuwekea maji ya mgao. Nikaona, mashine ya kufinyangia ninayo, plastiki ninayo." Aligeukia matangi makavu. "Niliwapa maji, Seche. Nikawapa na cha kuyawekea."

"Ni mapipa mangapi?"

"Ya hapa, elfu mbili. Mengine yalipanda treni. Stesheni kumi na moja."

Sechelela aliketi kwenye ukingo wa tangi.

"Usisome damu," Chiteji alisema. Alichuchumaa mbele yake kama walivyokuwa wakichuchumaa maabara wakiwa wanafunzi. "Nisikilize. Nipe siku thelathini. Nitakusanya mapipa yote, nyumba kwa nyumba. Nitaleta maji kwa treni, nitarudisha hatua saba. Watoto watatibiwa. Hakuna atakayeumia zaidi. Lakini ukisoma, Mizani itazima kila kitu, siku tisini, na treni haitaacha kuleta betri. Elfu nne kwa wiki. Unajua watu mia tatu wenye njaa watafanya nini na betri elfu nne kwa wiki. Mashoka wanayo bado. Tanuri moja la korongoni lilikuwa likimwaga kwa siku kile ambacho mapipa haya hayamwagi kwa mwaka. Wewe ndiye uliyenionyesha hesabu hizo."

Alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililomuumiza Sechelela. Aliitafuta hila usoni mwa rafiki yake akakosa.

"Na stesheni kumi na moja?" aliuliza. "Utakwenda nyumba kwa nyumba huko nako? Utawaambia nini? Kwamba pipa walilopewa bure ni sumu, halafu kiwanda kiko wazi na hakuna aliyeshtakiwa? Mzee Ndahani ameiona karatasi ikigeuka nyekundu jikoni kwake na hakuniamini. Mjukuu wake anakufa, Yoramu. Kama yeye haamini, nani ataamini? Amri ya Mizani itasomwa kila stesheni, kila redio. Yako itasomwa wapi?"

"Kwa hiyo unachagua moshi."

"Sijachagua bado."

"Cheti kile kina sahihi yako," Chiteji alisema polepole. "Mizani itakuvua kazi siku hiyohiyo."

"Najua nilichoandika kwenye sheria."

5

Kesho yake asubuhi watu walikuwa wamejaa uwanja wa zahanati. Hawakupiga kelele. Walisimama tu, maovaroli ya bluu mbele, wanawake na mapipa yao nyuma. Wengine walikuwa wameyabeba makusudi, yamejaa togwa, na walikuwa wakinywa huku wakimtazama, kikombe baada ya kikombe.

"Acheni!" Sechelela alisema. "Jamani, msinywe. Msiwape watoto."

Mama mwenye sinia la karanga alijaza kikombe, akampa binti aliyesimama kando yake. Binti akanywa hadi mwisho, akapangusa mdomo.

Sechelela aliingia ndani. Ndahani alikuwa ameketi kwenye kitanda cha Nyemo, ameushika mguu wa mtoto. Sheria ilitaka mlezi aweke kidole gumba kwenye kioo cha Kisomanasaba kabla damu ya mtoto haijasomwa.

"Mzee, naomba kidole chako."

"Ikisema kiwanda?"

"Kitazimwa."

"Watu mia tatu. Na watoto wa hao mia tatu." Hakumtazama. "Mimi niliwatoa korongoni. Nilikwenda kwa kila mmoja, nikamwambia tupa shoka, kazi safi imekuja. Walinicheka. Lakini kijana wangu wa kwanza alifia korongoni, kwa hiyo mwishowe walinisikiliza. Sasa unataka mkono huuhuu uwarudishe?"

"Nataka ijulikane iliyomfanya Nyemo hivi."

"Sitoi kidole."

Sista Eliwaza alifunika uso kwa viganja. Nje mtu alianza kupiga pipa kwa ngumi, wengine wakafuata, mpaka madirisha yakatetemeka.

Sechelela alikaa kwenye kiti na sanduku mapajani. Angeweza kuondoka. Mlezi amekataa, ripoti ingeandikwa hivyo na hakuna ambaye angemlaumu. Chiteji angepata siku zake thelathini. Pengine angefanikiwa. Pengine mapipa elfu mbili yangekusanywa, na yale mengine yangebaki kwenye majiko ya stesheni kumi na moja, yakichachusha ukwaju wa watoto ambao hakuna mkaguzi angewafuata. Aliufikiria moshi. Aliufikiria kwa haki, bila kujidanganya: harufu yake, mbuzi wakizunguka. Akifungua mdomo wa mashine hii, moshi ule utakuwa wake.

Kichwa kilikuwa kikimuuma tangu juzi. Tumbo lilikuwa likimsokota. Alidhani ni hofu. Ndipo alipokumbuka jagi la baridi kwenye nyumba ya wageni. Siku tano. Mji mzima ulimnyima maji, naye alikunywa ukwaju wa kiwanda asubuhi, mchana na jioni, na jagi lilijazwa kutoka pipa la bluu lililokaa nyuma ya mlango.

Kwa damu yake mwenyewe hakuhitaji kidole cha mtu.

"Mzee Ndahani," alisema, "hutalazimika kuwaambia watu wako kwamba ni wewe uliyetoa kidole."

Akajichoma kidole. Tone likaingia kwenye tundu. Mzee alisimama, akanyoosha mkono kama anayetaka kulizuia sanduku, akabaki hivyo, mkono hewani. Mashine ilichukua dakika nne. Kisha sauti yake, ya kike, tulivu, ikasema kwa ufasaha:

"Risasi, mikrogramu kumi na tisa. Nasaba: Kiwanda cha Makwelo. Cheti kimethibitishwa na Mkaguzi Sechelela Mnyawami. Cheti kimefutwa. Idhini ya mkaguzi imefutwa."

Taa ya kijani ya sanduku ilizimika na haikuwaka tena. Ng'ambo ya uwanja, muungurumo wa kiwanda, ambao mji ulikuwa umeacha kuusikia kwa kuuzoea, ukashuka, ukashuka zaidi, ukakatika. Mapipa yaliacha kupigwa.

Katika ukimya ule Ndahani alisema, "Umefanya haki. Sitakusamehe."

6

Vitu vya Sechelela watu walivitupa relini. Karani wa stesheni alikataa kumkatia tiketi, si kwa amri ya mtu. Alikuwa na mdogo wake kiwandani. Sechelela alilala kwenye benchi la zahanati na kula alichopewa na Sista Eliwaza. Alipotoka nje kuteka maji, ndoo yake ilipigwa teke mara mbili.

Lakini mapipa yalianza kutoka majumbani. Redio zilisoma amri ya Mizani kila saa, zikitaja stesheni zote kumi na moja. Siku ya kwanza yalitoka machache, yamewekwa mlangoni kwa aibu. Siku ya pili yalijaa barabara. Yule mama wa karanga alilivingirisha lake hadi zahanati, akalisimamisha mbele ya Sechelela, akampeleka binti yake ndani kupimwa.

Nyemo aliacha kupata degedege. Maneno hayakurudi. Sista alisema mengine huenda yakarudi, mengine hayatarudi, na hakuna awezaye kusema ni yapi.

Siku ya nne treni ilileta betri. Zilipakuliwa kwa mikono, kwa kuwa mkanda haukuwa na umeme, nayo ikaondoka. Kufika adhuhuri, wanaume walikuwa wakiteremka korongoni na betri mabegani, na mashoka.

Sechelela aliwafuata. Hakuwa na beji, hakuwa na sanduku, na hakujua atawaambia nini. Wanaume kama ishirini walikuwa wamezunguka tanuri la zamani. Moto ulikuwa umeshawashwa. Mmoja wao, kijana mpana aitwaye Chilewa, mpwa wa Ndahani, alikuwa ameisimamisha betri kwenye jiwe na shoka limepanda juu.

Ndahani aliteremka upande wa pili. Naye alikuwa na shoka. Sechelela alipomwona alidhani naye amekuja kuvunja.

Mzee alipita katikati ya watu, akafika kwenye tanuri, akalipiga kwa kisogo cha shoka. Udongo ulipasuka, makaa yakamwagika miguuni mwao, watu wakaruka nyuma.

"Mjomba!" Chilewa alipiga kelele.

"Weka chini."

"Tutakula nini?"

"Sijui," Ndahani alisema.

"Siku tisini, mjomba! Wewe ndiye uliyetutoa humu. Ukasema kazi safi. Kazi safi ndiyo iliyomharibu mjukuu wako. Angalau moshi tulikuwa tunauona!"

"Kweli. Moshi tulikuwa tunauona, na tukakaa ndani yake miaka ishirini." Mzee alikuwa anahema. "Sijui mtakula nini. Nimeamka alfajiri nalifikiria hilo, sijapata jibu, sitawadanganya. Lakini asubuhi hii nimemwita Nyemo kwa jina, akanitazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali. Atakayevunja betri ya kwanza aanze na mimi."

Kisha watu sita au saba walijitwika betri zao wakapanda upande wa mashariki, bila kuaga. Saa moja baadaye moshi mweusi ulionekana nyuma ya kilima, na kila mtu aliyebaki aliutazama. Hakuna aliyewafuata. Chilewa aliliacha shoka lake lianguke, akainama, akaikumbatia betri yake kifuani na kuanza kuipandisha kurudi juu.

Sakafu ya kiwanda ilikuwa ya saruji, pana, yenye paa. Betri zingeweza kukaa pale nzima, wima, bila kuvunjwa, siku tisini au zaidi, kama watu wangekubali kuzibeba na kuzilinda wakiwa na njaa. Wengine walikubali.

Jua lilipokuwa kali zaidi, Sechelela alimkuta Ndahani ameinama peke yake kwenye betri ya lori, ambayo haikuwa mzigo wa mtu mmoja. Ilikuwa imeanza kulalia ubavu, tindikali ikikaribia vifuniko.

"Mzee," alisema, "nikusaidie?"

Ndahani hakuinua kichwa. "Usinisemeshe," alijibu. "Shika upande huo."

Akashika. Wakaiinua pamoja, wakaisimamisha wima, na kuanza kupanda, hatua kwa hatua, kila mmoja akimtazama mwenzake mikononi ili isimwagike.